Kulifuata Zulia la Ali

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa namna yake. Mwalimu Neema aliniuliza ofisini mbele ya kabati la chaki, Mama Fatuma akanisimamisha sokoni nyanya zikiwa mkononi, na mkuu wa shule aliniuliza kwa kunyamaza tu, akanipunguzia vipindi. Wote niliwajibu neno moja, "Limefika," nikageuza mazungumzo. Sasa naandika ili nisimulie mara moja, na baada ya hapo mniache nipumzike.

Kwa wasiomjua, Ali alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alikwenda Uturuki kusoma. Ada ilipomshinda akaingia kwenye karakana ya mazulia ya mkono, katika mji mmoja wa ndani kule, mbali na pwani. Alifuma mazulia ya sufu miaka yote hiyo mpaka kifua kikamlaza, na hakuamka. Alizikwa hukohuko, maana kuuleta mwili kulikuwa nje ya uwezo wetu.

Tulipokwisha kusoma arobaini, mwenzake wa chumba akanipigia simu. Anaitwa Idi, mtu wa Tanga. Aliniambia kwamba kwenye mtambo wa Ali lilikutwa zulia alilokuwa akimfumia mama baada ya saa za kazi, na lilikuwa limebaki kidogo kwisha.

"Tajiri alitaka tumpe mtu alimalizie," Idi alisema. "Sisi tukakataa, dada. Tukaona si adabu. Tumelikata kwenye mtambo vilevile alivyoliacha, nyuzi zinaning'inia. Lipo melini."

Nachingwea hadi Malolo

Habari ile sikutaka kumpa mama kwa simu, kwa hiyo nilianzia nyumbani. Ilikuwa masika. Gari la Ruangwa lilikaa stendi ya Nachingwea asubuhi nzima likingoja abiria, na lilipojaa, dereva akakumbuka hajanywa chai. Njiani tulishuka mara mbili kusukuma. Abiria mmoja wa kiti cha nyuma, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza, alilalamika njia nzima kuhusu barabara za kusini, na wakati wa kusukuma alibaki ndani kwa sababu ya viatu.

Kutoka Ruangwa mjini nilichukua bodaboda hadi Malolo. Nilimkuta mama barazani anachambua majani ya maboga kwa kupapasa. Macho yake yameziba kwa mtoto wa jicho, la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona mwanga na vivuli. Kiswahili chake ni cha sokoni. Mambo mazito huyasema kwa Kimwera, nami nawaandikia kama nilivyomwelewa.

Nilimweleza. Hakulia. Aliendelea kumenya nyuzi za shina la boga, kisha akauliza, "Hilo zulia, mwisho wake uko wazi?"

"Idi anasema uko wazi. Halikushonwa."

"Mwili hawakuniletea," akasema. "Kaburi sitaliona. Basi kaniletee hilo, nishike pale mkono wake ulipofika."

Ndicho alichonituma. Si zulia la kutandika wala la kuonyesha wageni. Nilikula ugali wa muhogo na mboga ile ya maboga aliyoichambua, nikalala kwake, na alfajiri akanifungia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni kana kwamba Dar es Salaam hakuna chakula.

Ruangwa hadi Dar es Salaam

Kwenye basi nilikaa na mfanyabiashara wa korosho, Mchaga aliyeishi Ruangwa muda mrefu hadi anakula ming'oko, vile viazi vya porini, kama sisi. Alikuwa mwema na mwenye maneno mengi. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia nafuata zulia la sufu.

"La sufi?" alicheka. "Mwalimu, sufi si ndiyo hii tunayojazia mito? Zulia la sufi si litapeperuka!"

"Sufu. Manyoya ya kondoo."

"Aa. Kondoo." Akajifuta jasho. "Kwa joto la Ruangwa?"

Nilicheka naye. Ni mara ya mwisho kucheka katika habari hii, ndiyo maana naitaja. Karibu na Somanga, walipopanda wauza samaki wa kukaanga, nilimpigia Tito, wakala wa forodha niliyetafutiwa na ndugu yetu mmoja wa Mbagala. Tito alikuwa na sauti ya mtu ambaye hakuna jambo linalomsumbua.

"Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Nimeshaandika kila kitu kama ulivyonieleza. Ukifika ni kuchukua tu."

Nilimwamini. Nikanunua samaki, nikala na mihogo ya mama, nikasinzia hadi Mbagala.

Ghalani

Mzigo ulikuwa kwenye ghala la forodha, nje kidogo ya bandari, pahali pa mabati marefu na malori. Simu unaacha getini. Tito alinipokea akiwa amevaa shati la mikono mirefu lililonyooshwa vizuri, akanitambulisha kwa afisa aliyepewa kazi ya kukagua, mama wa makamo aliyeitwa Bi Magreth. Walikata kamba, wakalikunjua zulia juu ya meza ndefu.

Sikuwa tayari. Nilidhani nitaona kitu cha kawaida. Lilikuwa jekundu la kukolea, na mistari ya buluu, na vijimraba vyeupe kama meno. Nilitaka kuligusa lakini nikaogopa kuvuruga kazi ya watu.

Bi Magreth alisoma karatasi, akatazama zulia, akasoma tena.

"Hapa mmeandika sufi. Sufi ni nyuzi za mmea. Hili silo."

Tito akanigeukia. "Mwalimu, si uliniambia sufi?"

"Nilikwambia sufu."

"Kwenye simu ni kitu kimoja."

"Kwenye forodha si kitu kimoja," Bi Magreth alisema. "Mkitamka hivi na mzigo uko vile, mzigo unasimama."

Simu ya Tito ilisikika kutoka getini. Yeye alikuwa na mlinzi wake wa kumwita ikilia. Akaomba radhi akatoka. Yaliyofuata niliyasikia peke yangu.

Bi Magreth alifanya kazi yake taratibu, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale kama mwanafunzi, akanieleza. Kitu cha kwanza ni kujua uzi wenyewe. Alichomoa nyuzi fupi mbili upande mmoja, akawasha kiberiti. "Nailoni huyeyuka ikafanya tone," alisema. "Pamba hunuka karatasi. Sufu hunuka hivi." Zilinuka nywele zilizoungua. Nilitoka nje, nikashika ukuta mpaka harufu ile ikaniisha puani, kisha nikarudi.

Cha pili ni jinsi lilivyotengenezwa. Akalilaza kifudifudi. "Lingekuwa la mafundo, mgongoni ungeona vifundo kama punje za ulezi. Hili ni la kufumwa. Nyuzi za mtande hizi zimesimama, za mshindio hizi zinapita katikati yake, mbele na nyuma sawasawa. La mafundo lina fungu lake la ushuru, na la kufumwa lina lake."

Kisha akafika mwisho wa zulia, upande uliokuwa bado umekunjwa. Akaukunjua.

Nyuzi nyeupe za mtande zilikuwa zimeachwa tupu, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na zilimwagika ukingoni mwa meza. Juu yake, mstari wa mwisho ulikuwa haujafika upande wa pili. Uzi wa buluu ulianzia kushoto, ukapita juu, chini, juu, chini, hadi karibu na katikati. Hapo ukaishia. Ncha yake ilikuwa imechomoza kidogo.

"Huku mbona halijaisha?" Bi Magreth akauliza.

"Ndipo alipofia."

Alinitazama. "Nani?"

"Mdogo wangu. Yeye ndiye aliyelifuma."

"Pole sana, mwalimu." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilimuuliza kama mali ya marehemu haina utaratibu wake. Akasema upo, kwa vitu ambavyo marehemu alikuwa akivitumia. "Alikuwa akilitumia?"

"Alikuwa akilifuma."

"Basi ni jipya, mama yangu."

Hakulisema kwa ubaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kuipeleka hasira yangu.

Aliniruhusu niguse. Niliweka kidole kwenye ncha ile ya buluu. Baadaye akaniambia kwamba hapo ndipo anapotaka kuwa mwangalifu. Je, hili ni zulia lisilokamilika, au ni kitambaa kizito cha sufu? Mafungu ni mawili tofauti. Mkuu wake alikuwa safarini, na yeye hakutaka kuamua peke yake.

"Tungoje arudi," alisema. "Ni jambo la kungoja tu."

Kungoja

Nilikaa Mbagala kwa yule ndugu yetu, kwenye chumba cha watoto wake, nikila wali na maharage na kujibu maswali ya majirani. Kila siku nilimpigia Tito, na kila siku alisema mkuu hajarudi. Mama naye alinipigia kwa simu ya jirani. Hakuuliza kama nimekula, jambo ambalo si kawaida yake. Aliuliza, "Umeshika?" Nikamwambia nimeshika. "Kukoje?" Nikamweleza ule uzi, jinsi ulivyofika katikati. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Naandika hili na mkono unasita, kwa sababu najua sasa kwamba laiti ningekaa kimya angepata zulia tu, kama watu wengine wanavyopata mazulia.

Asubuhi moja Tito alipiga simu yeye mwenyewe. "Mwalimu, njoo. Nina habari njema."

Alinisubiri getini anatabasamu. Tulipoingia, zulia lilikuwa limetandikwa juu ya meza ileile, na kwa kitambo sikulitambua. Upande wa mwisho ulikuwa umenyooka kama rula. Ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi, ukashonwa kwa cherehani mara mbili, na chini ya utepe kuliongezwa mashada ya rangi ya dhahabu, yale ya mapazia.

"Nilileta fundi jana," Tito alisema. "Nimeongea na watu wa ghala wakamruhusu, mlinzi akiwepo. Sasa nani atasema hili si zulia? Limekamilika."

Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu mwingine. "Kile kipande cha mwisho kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kilichokatwa. Chenye nyuzi."

"Aa, zile nyuzi? Fundi alinyoosha kwanza, lilikuwa limepinda. Zilifagiliwa."

Nilimuuliza zilifagiliwa kwenda wapi. Hakujua. Nikatoka nikaenda nyuma ya ghala, kwenye lundo la takataka, nikaanza kufukua kwa mikono. Mlinzi alidhani nimeangusha pesa akaja kunisaidia. Tulikuta maboksi, plastiki, mabaki ya chakula, nyasi za kufungia vyombo. Upande mmoja wa lundo ulikuwa umeshachomwa. Nilichota jivu lile nikalinusa, mtu mzima, mwalimu, mbele ya wapakuzi wa malori. Halikunuka chochote zaidi ya plastiki.

Tito alikuja akasimama mbali kidogo. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. "Mwalimu, nimetoa mfukoni mwangu. Nilitaka uende nyumbani. Ungeniambia..."

Ni kweli sikumwambia. Nilimwambia Bi Magreth, naye Tito alikuwa getini na simu. Nilimtukana kwa Kimwera, maneno ambayo sikuwahi kuyatamka tangu utoto, na yeye akatikisa kichwa kana kwamba nimemshukuru.

Mkuu wa Bi Magreth alirudi siku iliyofuata. Mtu mrefu, mpole, mwenye haraka. Aliligeuza zulia, akatazama karatasi zilizorekebishwa, akauliza shida ilikuwa nini. Bi Magreth akaeleza kwamba lilikuja bila kumaliziwa.

"Na kwa nini lilishonwa?" aliuliza. "Zulia la kufumwa ni zulia, limemaliziwa au halijamaliziwa. Fungu ni lilelile."

Tito alikuwa akitazama viatu vyake. Bi Magreth alinitazama mimi, macho yake yamejaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nilisema tungoje."

Nililipa nilichoambiwa nilipe. Wakagonga muhuri.

Kurudi kusini

Zulia lililokunjwa ni zito, na ndugu yangu wa Mbagala alilifungia kwenye shuka jeupe lisipate vumbi. Hilo lilikuwa kosa, ingawa alilifanya kwa mapenzi. Pale stendi kondakta alilishika upande mmoja, mimi upande mwingine, akaniuliza ni mzigo gani. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Ni wa marehemu mdogo wangu." Akaliingiza kwenye buti taratibu mno.

Mbele ya Kibiti mvua ilituvamia, na kabla ya Nangurukuru tulikuta foleni. Maji yalikuwa yamekula kando ya barabara, magari yanapita moja moja. Tulishuka. Akina mama wa kijiji cha karibu walishafika na mahindi ya kuchoma na chai ya tangawizi, maana wao hujua foleni kabla ya madereva. Nikiwa nimesimama na hindi langu, nikaona abiria wamekusanyika karibu na buti, wanaongea kwa hasira na kondakta.

"Hatuwezi kusafiri na maiti chini ya mizigo yetu!" alisema kijana mmoja. "Kwanza haina hata sanduku!"

"Mwenyewe huyo hapo," kondakta akanionyesha. "Kasema ni marehemu mdogo wake."

Wote wakanigeukia. Mama mmoja akasema, "Dada, pole, lakini na sisi tuna vyakula humo."

Nikawaambia walitoe. Tuliliweka juu ya turubai kando ya barabara, nikafungua shuka, nikalikunjua mbele ya watu wote, huku mvua ya rasharasha ikinyesha. Wakashusha pumzi. Mmoja akacheka kwa aibu. Kisha, kama watu wafanyavyo wakishaondokewa na hofu, wakaanza kulisifia. Lile jekundu! Ile buluu! Yule mama aliyezungumzia vyakula akainama, akashika mashada ya dhahabu, akayapitisha vidoleni.

"Hapa ndipo palipotulia," akasema. "Mshonaji wa hapa ana mkono."

Nililikunja peke yangu. Walitaka kunisaidia nikawakatalia, na nadhani waliniona mtu wa roho mbaya. Hadi Ruangwa hakuna aliyezungumza nami, isipokuwa yule mama, aliyeniachia chungwa lililomenywa juu ya kiti.

Malolo

Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Ningeweza kusema uzi umefichwa ndani ya utepe. Ningeweza kukata kile kitu cha mapazia, nikafumua ncha yoyote ya buluu, nikamwekea mama kidole hapo. Na macho yale yasingeniumbua. Pale Ruangwa nilinunua wembe. Ndiyo, nilinunua.

Mama alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya. Baraza lilikuwa limefagiliwa. Majirani wawili walikuwepo lakini akawaambia waende, wataitwa baadaye. Nikalikunjua zulia. Lilienea toka mlangoni hadi kwenye ngazi. Alipiga magoti upande ule Ali alioanzia, akaanza kulipapasa, polepole, mstari kwa mstari, akitembea kwa magoti kuelekea mwisho. Mara kwa mara alisimama akarudia sehemu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Wembe ulikuwa kwenye mkoba wangu na mkoba ulikuwa begani, nami sikuufungua.

Alifika kwenye utepe. Vidole vikapita juu ya mshono, vikarudi, vikashuka kwenye mashada, vikaruka upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Hapa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sufu na sufi, Tito, fundi, lundo la takataka, na yule mkuu aliyesema hakukuwa na haja. Alisikiliza mkono wake ukiwa juu ya utepe mweusi.

"Huyo fundi," aliuliza nilipomaliza, "yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Basi zulia ni lake."

Aliinuka kwa kushika nguzo, akaingia ndani. Nilimsikia akitafuta mkeka wake wa ukindu, ule wa kuswalia. Aliutandika chumbani na hakutoka hadi magharibi.

Watu wa msikiti walikuja kesho yake kuomba zulia likawekwe mbele kwa imamu. Mama aliwakatalia kwa adabu, akawapa kuku. Asubuhi nilipokuwa naondoka aliniambia nilibebe zulia niende nalo Nachingwea. Nikamwomba abaki nalo hata kabatini. Akasema nyumba yake ni ndogo. Alinisindikiza hadi barabarani, na yule wa bodaboda alipokuwa anahangaika kulifunga, mama akamnyang'anya kamba, akalifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake, akaivuta kamba mpaka ikazama kwenye lile shuka. Halafu akaniuliza kama nimekula.